Viti barazani tunavyo, kazi bado

Mhariri,

Kila bajeti inapokaribia tunasikia sera za Uganda kuhusu watu wenye ulemavu zikisifiwa, na sehemu ya sifa hizo ni haki yake. Katiba ya 1995 imetutaja waziwazi. Bungeni tuna wabunge 5 wa kutuwakilisha, na katika mabaraza ya serikali za mitaa tumetengewa viti 2, cha mwanamke na cha mwanamume. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu uliridhiwa 2008. Sheria yetu ya 2006 nayo imeandikwa upya 2020. Mimi ninayetembea kwa magongo tangu utotoni nayathamini hayo yote. Kinachoniuma ni kwamba ukishatoka kwenye ukumbi wa baraza na kuanza kutafuta mshahara, hakuna anayekungoja.

Njoo Busia asubuhi utazame njia ya mpakani. Utawakuta watu waliopooza miguu wakiwa juu ya baiskeli za magurudumu matatu, mikono inazungusha pedali usawa wa kifua, nyuma kijana ameinama anasukuma. Chini ya kiti na mgongoni kumefungwa kamba juu ya katoni za sabuni, madumu ya mafuta ya kula, mafurushi ya nguo. Kwa miaka mingi baiskeli hizi zimevusha mali za wafanyabiashara kati ya Busia yetu na Busia ya Kenya. Yule kijana anayesukuma ni mzima wa viungo, na jioni anayemlipa ni huyo aliyeketi. Mlemavu ndiye mwajiri hapo! Kazi hii waliianzisha wenyewe, wakailea wenyewe, na imesomesha watoto.

Lakini sera zetu zinapowafikiria watu hawa, zinawaona kama wapokeaji tu. Utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, bila ushuru wa forodha, mradi ziwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Ni utaratibu mzuri. Ila mwenye baiskeli mara nyingi amebeba mali ya mtu mwingine, hivyo karatasi si yake, na mzigo ukizuiwa anayepoteza siku nzima ni yeye. Naomba wasafirishaji hawa wasajiliwe kwa kazi yao, wapewe leseni na mstari wao wa kupita.

Kuhusu ajira za kampuni, sheria ya 2006 iliahidi kumpunguzia kodi kwa asilimia 15 mwajiri binafsi mwenye wafanyakazi 10 au zaidi wenye ulemavu. Baadaye sheria ya kodi ya mapato ikaja na punguzo la asilimia 2, kwa mwajiri atakayethibitisha kwamba asilimia 5 ya wafanyakazi wake wa kudumu wana ulemavu. Hebu tupige hesabu. Mwenye duka anayedaiwa kodi ya shilingi milioni 1 atasamehewa shilingi 20,000. Fedha hiyo haifikishi bei ya mfuko mmoja wa saruji, na kuweka njia ya mteremko mlangoni kunataka zaidi ya mfuko mmoja. Nani atahangaika na makaratasi ya Mamlaka ya Mapato kwa ajili hiyo?

Hata hivyo, lawama yangu kubwa siielekezi kwa wenye maduka. Serikali ni mwajiri mkubwa kuliko wote katika wilaya zetu: walimu, wauguzi, makarani, maofisa wa kata. Binti ya dada yangu ni kiziwi, ana stashahada ya uhasibu. Aliomba kazi katika ofisi moja ya umma, akafaulu mtihani wa kuandika. Siku ya usaili wa ana kwa ana hapakuwa na mkalimani wa lugha ya alama; akaambiwa angekuja na wake. Akatoa daftari, akawa anaandika majibu na kulisukuma mezani kwa wasaili, nao wanatazama saa kwa sababu foleni ya nje ni ndefu. Kazi hakupata. Katiba hiyohiyo ya 1995 inaitaka serikali kukuza lugha ya alama, na Chuo Kikuu cha Kyambogo kinafundisha wakalimani. Kumlipa mmoja wao kwa asubuhi moja kungeipunguzia nini ofisi ile?

Wapo watakaosema sasa kuna PDM (Parish Development Model), mpango wa serikali wa kukopesha wananchi katika kila parokia, ulioanzishwa 2022, unaotenga asilimia 10 ya fedha zake kwa watu wenye ulemavu. Sawa, na anayetaka kufuga kuku akope. Aliyesomea uhasibu anataka kiti cha mhasibu.

Sensa ya 2014 ilionyesha kwamba takriban watu 12 kati ya kila 100 nchini wana ulemavu wa namna fulani. Kila wizara na kila wilaya itangaze hadharani, mwaka hadi mwaka, imeajiri wangapi kati yetu na kwenye vyeo gani, kisha ibandike orodha hiyo kwenye ubao wake wa matangazo. Kila tangazo la kazi ya umma liulize mwombaji anahitaji msaada gani siku ya usaili, na gharama ya msaada huo iwe ya ofisi inayoajiri. Nawaomba wabunge wetu 5 waitake Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii iwasilishe hesabu ya kwanza bungeni kabla bajeti ijayo haijasomwa mwezi Juni, na wilaya itakayoshindwa kuitoa itajwe kwa jina.

Mama muuza nguo,
Busia, Uganda