Maji iliingilia juu ikatokea kwa unga

Beshte yangu,

Uko poa? Goti ya mama inaendeleaje, bado anaficha dawa ama siku hizi anameza? Nilisema nitakuandikia wikendi ile ingine nikashindwa, hii mvua ya vuli imenizungusha mpaka nimesahau siku, na hii stori haiwezi toshea kwa meseji kwa hivyo mimina chai ukae.

Unakumbuka ile karavani kuukuu, ile nyumba ya kuvutwa na gari, ulinikataza nisinunue, ukasema kitu kizuri hakiuzwi bei ya jioni. Haya, ulisema ukweli, lakini ngoja nimalize ndo ucheke. Sikukuambia venye ilianza kuvuja. Nishaipaki hapa Kahawa West kando ya gereji, chai na mandazi inaenda vizuri, mvua ya Oktoba ikapiga usiku mmoja tu, asubuhi napata kiti ya chini ya dirisha kubwa imelowa chapachapa. Nikaita fundi. Akaja na tyubu ya silikoni akapaka dirisha yote mzunguko kama mtu anapamba keki ya harusi, akachukua pesa yake akaenda. Mvua ya pili maji ikarudi, na safari hii ilikuwa mingi kuliko ya kwanza! Baadaye ndo nilielewa, ile mwanya ya chini ya dirisha ndo maji ilikuwa inatokea nje, yeye akaiziba, sasa ikawa imefungiwa ndani ya ukuta na mbao inaoza polepole.

Sasa sikia kilichonisaidia, na si akili yangu. Jioni moja nilichoka nikaacha meza ya kusukumia chapati vile ilikuwa, unga umetapakaa mpaka ukutani na kwa rafu. Usiku ikanyesha. Asubuhi kwa huo unga kuna kamstari kamelowa, kembamba, kama njia ya konokono, na hakajatoka kwa dirisha, kametoka nyuma ya kabati! Nikatoa sahani zote, nikabonyeza ukuta na kidole, kidole kikaingia aki. Nikafuata huo ulaini nikipanda juu mpaka pale paa inakutana na ukuta, pale nje kuna ile reli ndefu ya aluminiamu wenyewe walikuwa wananing'inizia tenti. Ni kama hatua nzima kutoka kwa dirisha. Maji ilikuwa inaingilia kwa matundu ya skrubu za reli, inateleza na mbao ya ndani, ikifika kwa fremu ya dirisha inakosa njia ndo inamwagika hapo. Na mimi nimekuwa nikitukana dirisha wiki tatu.

Hata hivyo dirisha nayo haikuwa malaika. Nilimuomba kijana wa gereji ashike mpira wa maji nje, mimi ndani na tochi ya simu, tukaanzia chini tukipanda pole pole, kila mahali dakika kadhaa, kwa sababu ukianzia juu maji inateremka kila pahali na hautajua ni wapi imeingilia. Chini hakuna kitu. Pembeni hakuna. Kona ya juu, tone. Raba hapo imekauka na jua mpaka inakatika ukiigusa. Alipofika kwa reli tukangoja, tukangoja, nikataka kumwambia asonge, halafu nikasikia to, to, nyuma ya kabati.

Kutoa silikoni ndo kazi ilinimaliza mgongo. Hakuna kitu inashika juu ya mabaki yake, hata silikoni ingine, kwa hivyo nilikwangua na kadi ya zamani ya benki siku mbili. Huyo kijana akataka kunisaidia na thina, nikapiga nduru gereji nzima ikageuka, hiyo dirisha si kioo ni plastiki, thina ingeijaza nyufa nyufa. Tukafungua reli, skrubu zingine zikatoka na kutu na mbao ya kahawia imesagika kama ugoro wa guka. Hiyo nilikata nikaweka kipande kipya, lakini kwanza niliacha ikauke siku nne, usiku nafunika na nailoni, maana ukiziba mbao ikiwa na maji umejifungia shida ndani.

Cha kuzibia nilizunguka Kirinyaga Road mpaka miguu ikafura, kila mtu ananipea tepu ya rangi, mpaka mwenye kuuza vioo vya gari akanielewa, tepu ya butili, nyeusi, inanata kama chingamu na haikauki ikawa ngumu. Unaipanga nyuma ya reli, unakaza skrubu kidogo kidogo, kesho yake unakaza tena ikishajikamua, ile imetoka pembeni unakata. Raba ya dirisha niliuziwa kwa mita hapo hapo.

Jumanne imenyesha kama imetumwa. Nilikuwa nimenyunyiza unga kila mahali makusudi, chini ya madirisha, kwa rafu, nyuma ya kabati. Asubuhi mkavu kote! Isipokuwa katikati ya sakafu, alama moja ya duara, kama shilingi kumi, chini kabisa ya ile tundu ya hewa ya paa.

Kuja Jumamosi basi, na usisahau ngazi ya mzee.

Wako wa mandazi