Draiva ikifanya kazi vizuri, ikae kimya

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na vijana wetu wanaoandika draiva za Linux, yaani zile programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kutumia kifaa kama diski au kadi ya sauti, maana siku hizi wapo, wa vyuoni na hawa mafundi wenzangu wanaohangaika na bodi ndogo ndogo.

Mimi ni fundi kompyuta. Mwezi uliopita niliitwa shule moja seva yao ilikuwa inakwama kwama, nikafungua dmesg, yaani logi ya meseji za mfumo wenyewe, nikakutana na mamia ya mistari, draiva ya sauti inataja jina lake na toleo, ya netiweki inasema imesajiliwa, nyingine inasema naanza afu inasema nimemaliza kuanza, na katikati ya makelele yote hayo kulikuwa na mistari miwili tu kwamba diski imeshindwa kusoma sekta, yaani kipande chake kimoja. Mwalimu alikuwa anaipitia logi hiyo wiki nzima hakuiona, na simlaumu hata kidogo. Diski ikafa kabla hatujahamisha matokeo yote ya wanafunzi, mpaka leo inaniuma.

Na wenyewe wa Linux walishaliandika hili kwenye mwongozo wao wa kodi, kwamba draiva ikiwa sawa inanyamaza. Ngazi za meseji zipo 8, kuanzia 0 ya hatari kabisa mpaka 7 ya kutafutia makosa, sasa hizo salamu za kuamka si ziwekwe huko kwenye 7, anayezitaka ataziwasha mwenyewe.

Kuna wataosema weka tu neno quiet kwenye mstari wa amri za kuwashia Linux. Hiyo inaficha kwenye skrini, ila kwenye logi takataka zinabaki zote. Na kuchuja kwa ngazi nako hakusaidii kama mwandishi kaita kosa kitu ambacho siyo kosa, na hapa ndo pananikera zaidi: draiva imeamka wakati kifaa cha kuipa umeme hakijawa tayari, kerneli, yaani kiini cha Linux, inajua, itaijaribu tena baadae, ni jambo la kawaida kabisa, lakini yenyewe inapiga yowe la kosa kila ikijaribiwa. Tangu toleo la 5.9 la Linux la mwaka 2020 ipo fanksheni, yaani kipande cha kodi kilicho tayari, inaitwa dev_err_probe, hali hiyo ikitokea inaishusha meseji mpaka ngazi ya 7, na kosa likiwa la kweli inalitoa kama kosa. Itumieni jamani, inapunguza hata mistari ya kodi yenu.

Bodi zenye konsoli ya serial, yaani zinazotoa meseji kwa waya herufi moja moja, ndo balaa kabisa, kwa spidi ya biti 115,200 kwa sekunde zinapitisha herufi kama 11,500 kwa sekunde, kwahiyo kila salamu inachelewesha kuwaka.

Walimu wa vyuo nawaomba, mkisahihisha kazi ya draiva mwambieni mwanafunzi awashe bodi kila kitu kikiwa sawa afu mtafute mistari ya draiva yake kwenye logi. Ukiwepo hata mmoja, mrudishieni akaufute.

Fundi kompyuta,
Morogoro