Kadi ya kliniki isomwe kabla ya uchungu kuanza

Mhariri,

Kila mama anapofariki katika uzazi, husemwa kwamba alichelewa kufika. Wengi huchelewa kweli, lakini wifi yangu hapa Busia hakuchelewa. Alianza kliniki mimba ikiwa ya miezi minne, na kwenye kadi yake iliandikwa kwa wino mwekundu kwamba mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Hata hivyo, hadi wiki ya 36 hakuna aliyemwambia kwamba kovu lile linaweza kupasuka wakati wa uchungu, wala kwamba kituo chake cha ngazi ya tatu hakina chumba cha upasuaji. Aliyemweleza ni muuza samaki waliyekaa naye kwenye benchi.

Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, vifo vya uzazi Uganda vilishuka kutoka 336 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2016 hadi 189 mwaka 2022. Ni hatua kubwa, ila vifo vinavyobaki vingi vinazuilika. Aliyewahi kuvuja damu nyingi au kupata kifafa cha mimba, mwenye mapacha, aliyezaa mara nyingi na msichana ambaye mwili wake haujakomaa, wote kadi zao huonyesha hatari mapema. Mwenye upungufu wa damu, ambao huku kwetu mara nyingi huletwa na malaria, huweza kuzidiwa kwa kupoteza damu ambayo mwenzake angeistahimili.

Wapo pia wasio na dalili yoyote kwenye kadi, kisha wakavuja damu ghafla baada ya kujifungua. Presha nayo hupanda kimyakimya baada ya wiki ya 20, na ikifika 140 kwa 90 mama huenda asihisi chochote. Ndiyo sababu hupimwa kila hudhurio. Nimeona mashine ya presha ikilala kabatini kwa kukosa betri. Betri tu!

Ninaomba wakunga wetu, ambao najua wamelemewa na foleni, waandike kwenye kadi ifikapo wiki ya 32 mahali mama atakapojifungulia, na wamwite mume wakubaliane gari litalipiwaje. Wifi yangu alijifungua salama hospitalini, baada ya kaka yangu kuuza mbuzi wawili usiku ule ule kwa bei ya hasara.

Msomaji wako,
Busia, Uganda