Oili ya gia ikitoka nyeupe, usijaze nyingine kwanza

Wengi wanaotuletea mashine za boti, Johnson na Evinrude ndogo za zamani, zile za nguvu za farasi 5 hadi 10, hulalamikia kabureta au plagi. Gia boksi ya chini, ile inayozama majini karibu na propela, haitajwi mpaka siku gia inapokataa kuingia. Sisi tunaanzia huko.

Kuna kipimo unachoweza kukifanya mwenyewe. Iache mashine imesimama wima usiku kucha bila kuiwasha. Asubuhi tega kopo, ulegeze kidogo tu skrubu ya chini ya gia boksi. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yameingia, yatatangulia kutoka. Mashine yenye maji iliyotoka kazini muda si mrefu itakutolea oili ya rangi ya chai ya maziwa. Fungua na skrubu ya juu, oili yote ishuke, uipikiche vidoleni. Unga laini wa chuma ni ulikaji wa kawaida. Ukihisi vipande vinavyokwaruza, meno ya gia yameanza kumeguka.

Kumwaga oili nyeupe na kujaza mpya hakuzibi njia ya maji. Mara nyingi iliyoharibika ni sili ya shafti ya propela, yaani pete ya mpira inayozuia maji yasiingie, na ukivua propela unakuta nailoni ya mshipi imejisokota nyuma yake hadi ikakata mdomo wa sili. Hapo tunaikagua na shafti yenyewe: ikiwa na mfereji unaonasa ukucha, sili mpya haitakaa. Pia kuna o-ringi ya fimbo ya kubadilishia gia, ambayo mafundi wengi huisahau. Washa, vile vipete vya kuzibia, za skrubu zote mbili tunabadilisha kila mara, hata zikionekana nzima.

Tunasisitiza haya kwa sababu ya vipuri. Kampuni ya OMC, iliyotengeneza mashine hizi, ilifilisika mwaka 2000, na kampuni ya BRP iliyoichukua Evinrude iliacha kuitengeneza mwaka 2020. Sili utaipata duka la beringi ukiwa na vipimo vyake: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Gia si hivyo. Mara nyingi inabidi ing'olewe kwenye mashine nyingine iliyokufa, nayo ina ulikaji wake.

Mguu, yaani sehemu ya chini yenye gia boksi, ukishashushwa, tunaweka na impela mpya (kigurudumu cha mapanga ya mpira) ya pampu ya maji, na shafti tunaizungusha kwa mwendo wa saa peke yake ili mapanga ya mpira yasipindukie upande usio wake. Kabla ya oili, gia boksi inajazwa hewa kidogo na kuzamishwa kwenye maji. Povu likitokea, tunarudi kwenye sili. Oili inajazwa kutokea tundu la chini mpaka ichuruzike juu bila mapovu, kisha skrubu ya juu inafungwa kwanza, ya chini baadaye.

Ukiamua kuja kwetu badala ya kuipima mwenyewe, tafadhali usiimwage oili ya zamani nyumbani. Njoo na mashine jinsi ilivyo, tuifungue pamoja uone kilichomo.