Shukrani kwa mzee wa Gerezani, Dar es Salaam
Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikuuliza, nawe hukuuliza langu. Nilikuja kutafuta gasketi ya 1NZ, injini ya Toyota niliyokuwa naisuka upya ili niifunge tabo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini). Pistoni imara za kufuliwa (forged) ninazo, konrodi nene za kushikilia pistoni ninazo, nikajiona fundi. Ukauliza swali moja tu: “Ringi za pistoni umeziachia nafasi gani kati ya ncha?”

Ya kiwandani, nikajibu. Ukacheka. Tabo huongeza joto, ringi hutanuka, na ncha zake zikigusana hukwama kwenye silinda na kumega kichwa cha pistoni. Tukazisugua kwa tupa, moja moja, kila mara tukizirudisha ndani ya silinda na kupima, hadi chai yako ikapoa. Hela ukakataa.

Gari linavuta, moshi hakuna. Tupa yako bado ninayo, mzee, naileta.