Neno "teja" linavyoharibu dozi

Mhariri,

Unyanyapaa hospitalini huzungumzwa kama suala la adabu: semina inafanyika, bango linabandikwa ukutani, basi. Sisi wafamasia tunauona upande wa dozi, na huko madhara yake yanapimwa kwa miligramu.

Chukua mtu anayeishi na VVU, aliyekuwa akijidunga heroini na sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini. Hapa nchini tiba hiyo ilianzia Muhimbili mwaka 2011. Kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu: anapewa kikombe, anakunywa, anasukumia maji, anasema neno moja ionekane kweli amemeza. Siku akianza kukohoa anapelekwa kliniki nyingine, na mapokezi anasikia, "Mateja wasubiri kule." Akiulizwa na daktari anatumia dawa gani, unadhani atasema?

Makohozi yanaonyesha TB. Anaandikiwa dawa za miezi 6 zenye rifampisini, ambayo huchochea ini kuivunja methadoni upesi. Ndani ya siku chache hadi wiki 2, miligramu 80 zilizokuwa zikimtosha hazimfikishi asubuhi. Arosto hiyo, mwili unadai dawa: kamasi, miayo, machozi, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Anachojua yeye ni kwamba haya yalianza na vidonge vya TB. Basi atavitupa, au atarudi kwenye kete za heroini ili aweze kuvimeza. Faili litaandikwa "mtoro", na wale wale wa mapokezi watasema si tulijua.

Kama na VVU alivificha, kuna shida ya pili. Rifampisini hupunguza pia dolutegravir, dawa ya VVU, mwilini, ndiyo maana anayetumia zote mbili huongezewa kidonge cha miligramu 50, saa 12 baada ya kile cha kila siku. Asiyejulikana haongezewi, na virusi vinaweza kupanda.

Dawa yake ni swali linaloulizwa kwa kila mgonjwa, mlango ukiwa umefungwa: "Kuna dawa nyingine unakunywa, labda za CTC (kliniki ya VVU) au methadoni?" Likiulizwa kwa wote, hakuna anayejiona amenyooshewa kidole. Akiridhia, ipigwe simu kliniki ya methadoni: dozi ya mwisho ilikuwa ngapi, aliinywa lini. Kisha ipandishwe kidogo kidogo kwa kufuata dalili. Na rifampisini ikiisha ishushwe, kwa sababu wiki kama 2 baadaye ini hurudi hali yake na dozi ile kubwa inaweza kumkatisha pumzi. Hapa ndipo wengi husahau, hata wenye nia njema.

Wodini kuna mawili. Aliyekosa methadoni siku kadhaa mfululizo asirudishiwe dozi yake yote kwa mpigo; mwili umeshaanza kuisahau. La pili ni la kusikitisha zaidi: mgonjwa katoka upasuaji, ananyimwa dawa ya maumivu kwa kuwa "anataka kulewa tu", au kwa kuwa "si ana methadoni". Dozi moja huzuia arosto siku nzima, lakini maumivu huyatuliza saa 6 hadi 8 tu.

Maabara nako, mishipa ya aliyejidunga miaka mingi imekakamaa. Mhudumu anatoboa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha anafoka watu wakisikia. Mwenye mkono anajua mshipa upi bado unatoa damu, aulizwe. Mkono upashwe joto kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, uning'inizwe chini kidogo, itumike sindano nyembamba. Aliyeaibishwa pale harudi kupima wingi wa virusi, na bila kipimo hicho hatujui kama dawa zinafanya kazi.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imekwisha kukataza unyanyapaa. Ratiba ndiyo haijasikia: dirisha la methadoni liko wazi asubuhi, foleni ya CTC ni asubuhi hiyo hiyo, na mtu ana nauli ya safari moja. Penye kliniki zote mbili katika eneo moja, tunaomba vidonge vya VVU na vya TB vitolewe pale pale dirisha la methadoni, kikombe kikiwa mkononi.

Mfamasia,
Dar es Salaam