Tunataka rola kosta ndogo, lakini fundi wake aje mwanzo

Ndugu Mhariri,

Kila Idi ikikaribia mazungumzo huwa yale yale. Mmoja atasema Zanzibar nayo ijengewe kiwanja cha burudani kama vya Abu Dhabi, chenye rola kosta, ile reli ndefu ya vilima inayokimbiza magari ya abiria, inayoonekana tangu Chumbe, watalii waje kwa hiyo. Mwengine atamjibu kwamba kwetu chuma hakikai, chumvi ya bahari itakimaliza mapema. Mimi ugonjwa wangu ni rola kosta, na naomba nafasi gazetini niwapinge wote wawili.

Nianze na huyu wa chumvi, maana rai yake ndiyo yenye wafuasi wengi. Baadhi ya rola kosta kongwe zinazopendwa sana duniani ziko pwani, tena pwani hasa. Big Dipper ya Blackpool, Uingereza, inapigwa na upepo wa bahari tangu 1923. Giant Dipper ya Santa Cruz, California, ipo ufukweni tangu 1924. Cyclone ya Coney Island, New York, ilifunguliwa 1927, na ukifika kilele chake, mita 26 kutoka chini, bahari iko mbele yako. Zote tatu ni za mbao na zote zingali zinabeba watu. Chumvi ya huko ni chumvi hii hii. Ila asubuhi, kabla abiria wa kwanza hajakata tiketi, fundi huwa ameshaipita njia nzima kwa miguu, spana mkononi, anaangalia boliti moja moja na ubao mmoja mmoja, na magari yameshazungushwa matupu. Mafundi wa majahazi wa Nungwi hawana haja ya kuelezwa jambo hili. Chombo hupandishwa pwani, kikatiwa kalfati upya kuziba nyufa, kikapakwa sifa, yale mafuta ya samaki, kikarudi majini. Sijapata kumsikia nahodha aliyekiacha chombo chake kioze kisha akailaumu bahari.

Sasa tujiangalie sisi. Sikukuu ya pili nilimpeleka mtoto wa dada yangu kwenye kiwanja kimoja, sitakitaja. Akataka pembea ya kuzunguka, ile ya viti vya kuning'inia. Kiti alichokikamata kilikuwa na mnyororo wa kufungia mbele, lakini ndoano yake imekatika, na mahala pake pamepitishwa waya, ule wa kufungia nondo, umesokotwa kwa koleo, ncha yake imeelekea tumboni kwa mtoto. Rangi ilikuwa mpya, nyekundu na manjano, bado inanuka. Nikamwita kijana anayeendesha mashine. “Huo haukatiki ami, tumeujaribu jana,” akanijibu, na nadhani aliamini anachokisema. Tukaondoka, tukaenda kula urojo. Mtoto alininunia mpaka magharibi.

Kijana yule simlaumu sana. Hana daftari la kujaza, na sidhani kama kuna aliyepata kumuonesha ufa kwenye chuma unavyokuwa.

Hofu nyengine ninayoisikia ni ya umeme: ukizimika watoto wakiwa juu, itakuwaje? Wengi hudhani gari la rola kosta linasukumwa na mota mwanzo mpaka mwisho. Zile za kawaida hazina mota garini kabisa. Mnyororo hulivuta gari mpaka kilele cha kwanza, ambacho huwa kirefu kuliko vyote, na kuanzia hapo ni uzito wake tu unaolikimbiza. Ule mlio wa tak-tak-tak wakati wa kupanda ni jino la chuma linaloangukia kwenye ngazi zilizopo katikati ya reli, ili umeme ukizimika au mnyororo ukikatika gari lisirudi nyuma. Magurudumu nayo yako ya namna tatu: yanayokaa juu ya reli, yanayobana ubavuni na yanayopita chini yake. Hayo ya chini ni kazi ya Mmarekani John Miller, aliyeyapatia hataza 1919, na bila ya hayo gari haliwezi kuvuka kilima kwa kasi likabaki relini. Breki nyingi za siku hizi ni za sumaku, hazihitaji umeme kushika, na zile za upepo hutengenezwa hivi kwamba umeme ukiondoka zinajifunga zenyewe. Kwa hiyo hata kama lingeturudia giza lile la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme, aliyekwama kwenye mnyororo angeteremka kwa ngazi ya pembeni akimlaani mwenye umeme, na aliyekwisha kuvuka kilele angesimamishwa kwenye breki iliyo mbele yake. Waya wa nondo unanitisha kuliko umeme.

Na huyu wa Abu Dhabi? Formula Rossa, rola kosta ya huko, nimeipanda, nilipokwenda kuwaangalia jamaa zangu. Unavalishwa miwani kwanza, kisha unafyatuliwa, na ndani ya sekunde tano uko kwenye kilomita 240 kwa saa. Ilinishangaza, haikunifurahisha. Kasi peke yake ni upepo wa usoni. Raha ya rola kosta, kwa mimi, iko kwenye vile vilima vifupi vya kuelekea mwisho, pale mwili unaponyanyuka kwenye kiti kidogo tu na tumbo likabaki nyuma, na raha hiyo haitaki minara. (Atakayebahatika kupanda ya mbao basi akae nyuma kabisa. Gari la mwisho ndilo linalovutwa kwa nguvu kupita kilele. Wanaogombania kiti cha mbele waacheni na picha zao.) Kingda Ka ya New Jersey ilijengwa 2005 kwa urefu wa mita 139, na mwaka 2025 mnara wake ukaangushwa kwa baruti. Cyclone ipo.

Tena viwanja vikubwa vina gharama za kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Ratanga Junction ya Cape Town ilifunguliwa 1998, ikafungwa 2018, na lile ni jiji lenye watu wengi kuliko Unguja na Pemba kwa pamoja. Sisi sensa ya 2022 imetuhesabu 1,889,773. Mtalii naye haji huku kupanda kitu ambacho kwao kipo kikubwa zaidi. Anakuja kwa bahari, na bahari anaipata.

Mimi ninachokiomba ni rola kosta moja ya kifamilia, isiyozidi mita kumi na tano, iwekwe Kariakoo yetu ya Unguja, na nyengine Tibirinzi ili watoto wa Pemba wasihadithiwe tu. Lakini kabla ya kontena la kwanza kushushwa bandarini, vijana wetu wa mafunzo ya amali wapelekwe kujifunza kuzikagua mashine hizi. Kipo kiwango cha Ulaya, EN 13814, kinachoeleza zisanifiwe vipi, ziendeshwe vipi na zikaguliwe vipi. Hatuna haja ya kubuni chetu.

Muda wa matengenezo tunao. Nchi za baridi hufunga viwanja vyao vingi wakati wa baridi, magari yakafumuliwa na ekseli zikapimwa nyufa. Sisi tuna Ramadhani. Mwezi mzima mchana viwanja vimelala, na ndio mwezi unaotangulia siku zenye watoto wengi kuliko siku zote za mwaka. Kwa ninavyoona mimi, tunautumia kupaka rangi. Utumike kufungua kila boliti, kupima kila mnyororo na kukiteremsha kila kiti kisichofunga. Pembea yenye viti kumi na moja vizima ni bora kuliko yenye kumi na mbili kimoja kikiwa na waya.

Na siku mosi ikifika, karatasi ya ukaguzi itundikwe dirishani kwa mkata tiketi, yenye tarehe, jina la fundi, na viti gani vimeondolewa. Mzazi asiyeikuta karatasi hiyo arudishiwe pesa zake bila ya kuulizwa.

Mpenda rola kosta,
Mpendae, Unguja